Sijisikii jukwaani: ninunue amplifaya kubwa zaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga solo wa bendi ya watu saba hapa Moshi. Ijumaa na Jumamosi tunapiga kwenye baa moja ya bustani, na mara mojamoja tunaitwa kwenye harusi Arusha. Natumia amplifaya ya wati 100 yenye spika mbili za inchi 12, lakini sijisikii kabisa. Nasikia dramu na kinanda tu, basi naongeza sauti. Fundi mitambo anafoka nipunguze, mwimbaji anataka monita (ile spika ya jukwaani ya kumrudishia sauti yake) iongezwe, ikiongezwa inapiga mluzi, na wateja wa meza za mbele wanahamia nyuma. Nimeweka akiba. Je, ninunue amplifaya kubwa zaidi au nihamie kwenye monita za masikioni? Halafu mpiga besi wetu naye analalamika: besi inavuma bustani nzima lakini haieleweki.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo akiba iache ilipo kwanza.

Katika maelezo yako yote, kilichonieleza mengi ni wale wateja wa meza za mbele. Wewe hujisikii, wao wanahama kwa sababu wanakusikia kupita kiasi. Basi sauti ipo, tena ya kutosha na kusaza, ila inakwenda kwao na wewe inakupita magotini. Ukinunua kubwa zaidi utawahamisha hata waliokimbilia nyuma.

Wati nitazipitia haraka, kwa kuwa ndizo zinazowavuta watu dukani. Kutoka wati 100 kwenda 200, spika zikiwa zilezile, unaongeza desibeli 3 tu. Tofauti utaisikia, lakini ni ndogo; mpiga dramu akichangamka kidogo ameshaimeza. Ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili, inahitajika nyongeza ya desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Kwako wewe hiyo ni wati 1,000, na sidhani kama mwenye baa atakuruhusu upite nayo getini. Ligeuze jambo hilohilo uone faida yake: amplifaya ya wati 10 iko chini ya hiyo yako kwa desibeli 10 tu. Ndiyo maana utawaona wapigaji wazoefu wanatembea na kiboksi cha valvu (zile taa za kioo za kukuza sauti) cha wati 15 au 20, na solo yao inasikika vizuri tu.

Sasa tuifuate sauti yako inakokwenda. Spika ya inchi 12 haitawanyi masafa yote ya sauti, ya chini na ya juu, kwa namna moja. Noti za chini, tuseme hezi 100, zina wimbi la urefu wa mita 3.4, na wimbi refu hivyo likitoka kwenye spika ya sentimita 30 linazunguka kila upande, hata nyuma ya boksi. Lakini ukali wa gitaa, ule unaofanya solo isikike noti kwa noti, uko kati ya kilohezi 2 na 4. Kwenye kilohezi 3 wimbi lina sentimita 11 hivi, fupi kuliko upana wa spika yenyewe, na hapo sauti inatoka kama mwanga wa tochi: mbele inachoma, pembeni giza.

Hebu tupime jukwaa lenu. Amplifaya ikiwa sakafuni, katikati ya spika ni kama sentimita 40 kutoka chini. Sikio lako ukiwa umesimama liko kwenye sentimita 160. Ukisimama mita moja mbele yake, masikio yako yako digrii 50 hivi nje ya mstari wa ile tochi. Unachopata ni mvumo, na mvumo ndio unaomezwa na kinanda na dramu. Unachokikosa ni ule ukali, kwa hiyo unaongeza trebo, haitoshi, unaongeza na sauti. Sasa shuka kwa mteja. Jukwaa lina kimo gani, sentimita 60? Jumlisha 40 za spika: mita moja. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, sikio lake liko mita moja na kidogo. Tochi imemlenga usoni. Trebo yote uliyoiongeza kwa sababu huisikii, anaila yeye pamoja na nyama choma yake.

Ukitaka kuhakikisha, kabla watu hawajaingia mpe mwenzako gitaa apige kwa kiwango mnachotumia siku zote, halafu nenda ukakae kwenye kiti cha meza ya kwanza. Sikiliza nyimbo mbili. Wapigaji wengi wakifanya jaribio hili hurudi jukwaani kimya, na mkono unakwenda wenyewe kwenye nobu ya trebo.

Dawa yake ni kuinua na kugeuza. Kreti mbili za bia zikipangwa moja juu ya nyingine zinaipandisha spika hadi usawa wa kiuno na zaidi. Toa chupa zote kwanza, la sivyo zitagongana kila mpiga besi akigusa uzi wa chini, na ifunge amplifaya kwa mkanda isije ikaanguka mtu akikanyaga kebo. Kreti zikiyumba, tafuta stuli ya mbao iliyo imara. Kama kuinua hakuwezekani, ilaze kwa nyuma: weka kipande cha mbao chini ya ukingo wa mbele ili spika ikutazame usoni. Na pale penye nafasi, sogea tu. Ukisimama mita tatu kutoka kwenye spika, hata ikiwa sakafuni, sikio lako limeshaingia kwenye digrii 20 na kitu, na tayari unaanza kusikia vitu ambavyo hukuwa unavisikia.

Jukwaa la baa ya bustani mara nyingi halina hizo mita tatu. Hapo iweke amplifaya ubavuni mwa jukwaa, ikipiga kwa kukatiza kuelekea upande wa pili, si kuelekea mezani. Kwa baa mimi naupendelea mpangilio huu kuliko mwingine wowote. Wenzako wanakusikia bila msaada wa monita, mteja wa mbele hapigwi usoni, na fundi mitambo anapata nafasi ya kuamua gitaa liwe kiasi gani kule nje. Angalia tu isiwe imelenga maiki ya mwimbaji, maana gitaa litaingia humo, na kila akiongezwa yeye na wewe unaongezeka bila mtu kukugusa.

Ukishajisikia vizuri, panga toni upya. Trebo utaipunguza bila kuambiwa. Punguza na besi, kwa sababu huko chini ya hezi 100 pana wenyewe: mpiga besi na dramu ya mguu. Midi, yaani masafa ya kati, iache ilivyo au iongeze kidogo. Ile toni ya chumbani, besi nyingi na trebo nyingi, midi imefyekwa, inapendeza ukiwa peke yako kwa sauti ndogo, kwa kuwa sikio likisikiliza kwa sauti ndogo linapungukiwa na besi na trebo. Ukiingia nayo kwenye bendi ya watu saba gitaa linatoweka, halafu lawama zinakwenda kwenye wati.

Niongeze jambo moja ambalo halinunuliwi dukani. Bendi za dansi za zamani zilikuwa na magitaa matatu, solo, solo ya pili na ridhimu, kwenye amplifaya ambazo leo ungezicheka, na kila gitaa lilisikika. Kila moja lilikuwa na ghorofa yake: ridhimu chini, solo ya pili katikati, solo juu. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipita hapa Arusha mwaka 1970 na bendi ya Arusha Jazz kabla hawajaenda Mombasa na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka uliofuata. Tafuta rekodi za Simba Wanyika usikilize magitaa yanavyopishana. Kisha msikilize mpiga kinanda wenu. Kama mkono wake wa kulia uko kwenye oktava ileile unayopigia solo, tena kwa wakati uleule, hakuna amplifaya itakayowaamulia. Kaeni kwenye mazoezi mgawane.

Hii desturi ya amplifaya kubwa ina asili yake. Miaka ya 1960 mitambo ya ukumbini ilibeba sauti za waimbaji tu, na gitaa lililazimika kuwafikia watu kwa nguvu zake lenyewe. The Beatles walipopiga kwenye uwanja wa Shea, New York, Agosti 1965, mbele ya watu zaidi ya 55,000, walipewa amplifaya za Vox za wati 100, sauti zao zikapitishwa kwenye spika za uwanja, na wao wenyewe hawakuwa na monita. Walipiga bila kujisikia, kwa hiyo uko kwenye kundi la watu wazito. Lakini leo miksa ina nafasi ya kila chombo. Kazi ya amplifaya imebaki kukufikia wewe na wenzako walio jukwaani. Watu wa mezani ni kazi ya fundi mitambo.

Mpe basi kitu cha kufanyia kazi hiyo. Maiki ya kawaida ya vyombo, mfano wa Shure SM57, inatosha: iweke sentimita mbili au tatu mbele ya kitambaa cha spika. Ikilenga katikati ya koni sauti inakuwa kali. Ukiisogeza kuelekea ukingoni inalainika. Sogeza maiki kwanza kabla ya kuzungusha ikwalaiza, utashangaa kazi iliyobaki ni ndogo kiasi gani. Kama hakuna maiki ya ziada, angalia nyuma ya amplifaya kama ina tundu la kutolea sauti kwenda kwenye miksa, hasa lile lenye kuiga sauti ya spika. Usichukue waya wa spika ukauchomeka kwenye miksa; utaiunguza. Wala usitoe gitaa lenye distosheni moja kwa moja kutoka kwenye pedali kwenda kwenye boksi la DI (kisanduku cha kupeleka chombo kwenye miksa bila maiki) ukategemea litasikika vilevile. Spika ya gitaa inafyeka karibu kila kitu kilicho juu ya kilohezi 5, na bila kufyekwa huko distosheni inakuwa mkwaruzo mtupu. Gitaa la akustika, sawa, lipitie DI.

Nikija kwenye mluzi wa monita. Hapa naomba umsomee mwimbaji na fundi wenu, kwa sababu peke yako huwezi.

Mluzi unatokea pale sauti ya monita inaporudi kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, inarudi tena. Mnapoongeza monita ili mwimbaji ashinde gitaa lako, mnakwenda kwenye mluzi kwa miguu yenu. Njia ya kwanza ya kumfanya mwimbaji ajisikie ni kuwapunguza waliomzunguka. Ndiyo maana mnapojaribu vyombo anzeni na dramu bila maiki yoyote, kwa nguvu ambayo mpigaji atatumia saa nne usiku, si kwa zile za saa kumi jioni za kubembeleza. Dramu haina nobu. Hiyo ndiyo sakafu ya jukwaa lenu. Besi ije ikae nayo, gitaa na kinanda viingie bila kuipita, halafu mwimbaji aimbe monita ikiwa imezimwa. Kisha fundi aiongeze taratibu mpaka mwimbaji atikise kichwa kukubali. Mara nyingi atatikisa mapema kuliko mlivyozoea.

Pili ni mahali pa monita. Maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi upande wa mbele, kama ile SM58 iliyojaa kila ukumbi, ni kiziwi nyuma yake kabisa, kwa hiyo monita inakaa mbele ya mwimbaji, mkia wa maiki ukiielekea. Lakini kuna maiki za superkadioidi, kama Beta 58A, ambazo nyuma kabisa zinasikia kidogo. Uziwi wake uko kwenye digrii 125 hivi, kushoto na kulia. Kwa hizo monita isogezwe pembeni, au ziwe mbili zikimpiga kwa mshazari. Nimekuta jukwaa ambalo maiki zimebadilishwa, monita zimebaki palepale, na fundi anailaumu ikwalaiza. Na mwimbaji aache kuukumbatia wavu wa maiki kwa kiganja. Anayeshika hivyo anaziba matundu yanayoipa maiki huo uziwi, ikaanza kusikia pande zote, mluzi ukaja palepale. Wachungaji na waimbaji wa kizazi kipya, naomba mnisamehe, ndio vinara wa tabia hii.

Tatu, kila maiki iliyo wazi bila kazi inakula nafasi. Zikiongezeka mara mbili, mnapoteza desibeli 3 kabla ya mluzi. Maiki ya MC, ya mpiga tumba, ya mwitikiaji ambaye bado hajapanda: zifungwe mpaka wakati wake. Kwenye chaneli za waimbaji, pale kwenye miksa, kuna kitufe cha kukata masafa ya chini, kwa kawaida kwenye hezi 80 au 100. Kibonyezwe. Na ile njia ya monita kwenye miksa iwekwe kabla ya kitelezo cha chaneli, pale penye maandishi PRE. Isipokuwa hivyo, kila fundi akimwongeza mwimbaji kwa ajili ya watu wa nje, monita nayo inapanda, na mluzi unaonekana umetoka mbinguni.

Baada ya yote hayo ndipo mguse ikwalaiza. Ongezeni monita pole pole mpaka iite, tambueni mlio, punguzeni masafa hayo desibeli 3 hadi 6, basi. Mlio wa “uuu” mara nyingi uko kati ya hezi 250 na 500, wa “aaa” karibu na kilohezi 1, na ule wa “iii” unaotoboa uko kilohezi 2 hadi 4. Mkishakata sehemu tatu au nne, acheni. Anayeendelea kukata anaishia na monita isiyoita na isiyosema. Paa la mabati na sakafu ya vigae vinarudisha sauti sana, kwa hiyo iliyofaa bustanini haitafaa kwenye ukumbi wa harusi; rudieni kila mahali.

Kwenye monita yako wewe weka vitu viwili: sauti ya mwimbaji, na labda kinanda kama kiko mbali. Gitaa lako tayari liko nyuma yako au ubavuni. Mtu anayeomba kila kitu kwenye monita anapata uji.

Monita za masikioni ni kitu kizuri, sizipingi. Ila zinakufaa pale vyombo vyote vimeingia kwenye miksa, kwa sababu ukishaziba masikio unasikia kile tu ulichotumiwa. Kwenye baa ambayo miksa ina maiki za waimbaji na kinanda tu, utabaki na mwimbaji kichwani na dramu kwa mbali. Siku mtakayofikia huko, anza na ya waya. Mpiga gitaa tayari umefungwa na kebo, waya mmoja zaidi haukuzuii kitu. Vaa zote mbili. Anayetoa moja ili asikie watu anajikuta anaiongeza ile iliyobaki mpaka inaumiza. Hakikisha kuna kizuizi cha sauti ili siku maiki ikianguka isikupasue ngoma ya sikio.

Masikio yenyewe ndiyo sababu nyingine ya wewe kutojisikia, hasa kuanzia saa sita usiku. Kipimo kinachotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanywa kwa mbili: desibeli 94 ni saa moja, 100 ni robo saa. Jukwaa lenye dramu na amplifaya ya wati 100 linafika 100 bila jasho, na nyinyi mnapiga saa tano mfululizo. Sikio likichoka linapunguza usikivu kwa muda, kwanza kwenye masafa yaleyale ya ukali wa gitaa na juu kidogo, na mkono wako unafuata. Bandika kipande cha selotepu kwenye amplifaya, chora mstari pale nobu ilipokuwa saa tatu usiku, na saa sita rudi uangalie. Kama mstari umeupita mbali, kilichobadilika ni wewe. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza masafa yote kwa usawa. Jumapili asubuhi ukiamka masikio yanalia, usilichukulie kama heshima ya kazi.

Umeme nitausema kwa ufupi lakini kwa ukali. Kwetu ni volti 230, hezi 50; amplifaya iliyoletwa kutoka Marekani ni ya volti 120, haichomekwi bila transfoma ya kushusha. Umeme ukikatika, zima swichi, usiache amplifaya ikisubiri jenereta iwashwe na kuyumba. Ikishatulia ndipo uwashe. Kama ni ya valvu, isiwashwe kamwe bila spika kuunganishwa. Na usikate ile pini ya ethi (inayopeleka umeme wa hitilafu ardhini) ili kuondoa mvumo. Mei 1972, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, Les Harvey, alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maiki ambayo haikuwa na ethi nzuri. Mikono yako iko kwenye nyuzi zilizounganishwa na amplifaya, midomo yako iko kwenye chuma kilichounganishwa na mitambo. Vitu viwili hivyo vikiwa na umeme tofauti, wewe ndiye waya. Jukwaa zima lichukue umeme sehemu moja yenye ethi. Mvumo uondoe kwa swichi ya kutenganisha ethi iliyo kwenye boksi la DI, ndiyo kazi yake. Kwenye bustani zenye nyasi zilizolowa, hasa miezi ya masika, mimi napiga testa kwenye wavu wa maiki na kwenye nyuzi kabla ya kitu kingine. Ikiwaka, hakuna shoo mpaka fundi umeme aje.

Kuhusu akiba yako: ukinunua maiki moja ya kuwekwa mbele ya spika na stendi yake fupi, kebo mbili nzuri na vizibo vya masikio, utabaki na chenji. Kebo ya gitaa isizidi mita sita hivi. Ndefu sana inakula trebo kabla haijafika kwenye amplifaya. Na mkija harusini Arusha mwezi wa saba, fikeni mapema, gitaa lipumzike nje ya mfuko wake. Limetoka kwenye joto la Moshi limeingia kwenye baridi yetu, nyuzi zitahama, na gitaa lililohama linasikika kama linashindana na bendi hata likiwa chini.

Ongea na fundi mitambo wako kabla ya shoo, si katikati ya wimbo kwa kumkunjia uso. Mwambie, “Kaka, nimegeuza amplifaya, nimeshusha, nibebe wewe huko nje.” Hajazoea kuambiwa hivyo na mpiga solo. Na kuna NEMC, wale wa baraza la mazingira, ambao wamekuwa wakizifungia baa kwa kelele, kwa hiyo mwenye baa naye atafurahi.

Imebaki besi. Nina shaka boksi lake liko kwenye kona ya jukwaa, mgongo ukutani. Kila ukuta ulio karibu unazidisha masafa ya chini, na konani zinakutana kuta mbili na sakafu. Alitoe hapo, hata mita moja na nusu inasaidia, na aliinue kama wewe, maana naye anasimama karibu na spika inayompigia mashavu ya miguu. Uzi wake wa chini kabisa ni hezi 41, wimbi la zaidi ya mita 8; hilo linakwenda lilikotaka. Kinachomfanya ajue anapiga noti gani kiko juu, kati ya hezi 700 na kilohezi 1. Apandishe hapo kidogo, ashushe kati ya 60 na 120 mpaka mvumo ukatike. Ikivuma bado, mwangalieni mpiga kinanda: mkono wake wa kushoto utoke kwenye noti za chini pale besi inapotembea.